Usijishuhudie Uongo

Katika usharika mmoja wa milimani alikuwako bibi mjane aliyelala kitandani kwa miezi mingi. Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwake, mchungaji na mzee wa kanisa wa mtaa ule, kumpelekea Chakula cha Bwana. Tulimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, akamwagiza mjukuu wake atuletee viti. Tulipokwisha kumpa mkate na divai alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, mimi sina nilichofanya hapa duniani. Wenzangu wamejenga, wamesomesha, wamehubiri. Mimi nilikuwa nakaa tu. Sasa naenda kwa Bwana mikono mitupu."

Tulimjibu upesi. Tulimwambia kwamba sote tutakwenda mikono mitupu, kwamba hakuna anayeokolewa kwa matendo yake, kwamba neema ya Mungu katika Kristo yatosha. Kila neno tulilosema lilikuwa kweli. Ndilo fundisho ambalo Kanisa letu la Kilutheri linasimama juu yake. Bibi akaitikia "Amina", tukaomba pamoja, tukashuka kilima tukiamini kwamba tumemfariji.

Wiki tatu baadaye tulimzika. Wasifu wake uliosomwa pale uwanjani haukujaza hata ukurasa mmoja: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alizaa, aliugua, alifariki. Ndipo wafiwa walipotoa nafasi kwa yeyote mwenye neno. Akasimama kijana mwendesha bodaboda. Alieleza kwamba mama yake alipofariki, yeye akiwa darasa la tano, bibi alikuja nyumbani kwao kila jioni kwa muda wa mwezi mzima. Hakuhubiri wala hakutoa mawaidha. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni akichambua maharage, mpaka mtoto aliposinzia. Kisha akaenda zake. Baada yake akasimama mama mmoja aliyefiwa na mtoto mchanga siku ile ile ya kuzaliwa. Alisema watu wengi walimjia na maneno mengi, na mengine yalimchoma. Bibi alikuja bila neno, akakaa naye kitandani, akamshika mkono mpaka usiku. Akasimama mwingine, na mwingine tena. Walikuwa saba. Kila mmoja alidhani kwamba bibi alikwenda kwake tu.

"Nilikuwa nakaa tu," alituambia. Kumbe kule kukaa ndiko kulikokuwa huduma yake, naye hakujua. Tulipokuwa tukirudi kutoka msibani mzee wa kanisa alisema jambo ambalo hatujalisahau: "Mchungaji, bibi alituuliza habari za maisha yake, nasi tukamjibu habari za wokovu."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza swali ambalo huenda wewe msomaji umewahi kujiuliza kimoyomoyo: Je, Mkristo anaruhusiwa kuujua wema ulio ndani yake? Na akiujua, anaruhusiwa kuufurahia? Au kufanya hivyo ni kuanza kumwibia Mungu utukufu?

Tukubali kwanza kwamba hofu yetu ina sababu. Wazee wetu walitufundisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumewaona wagema wa namna hiyo hata kanisani. Tumemwona mwimbaji aliyesifiwa sauti mpaka akaona mazoezi ya kwaya si ya watu kama yeye. Tumemwona mtoaji ambaye jina lake lisipotangazwa siku ya mavuno, mwaka unaofuata haji kwenye mnada. Na sisi wachungaji tusijifiche, maana tunajua namna mahubiri yanavyoweza kugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo tumejifunza kukinga mapema. Mtu akitushukuru tunasema, "Mimi ni chombo tu." Mtu akitaja kipawa chetu tunasema, "Mimi si kitu, ni Bwana."

Kisha liko fundisho lenyewe. Kila ibada yetu huanza na maungamo. Hatuingii mbele za Mungu kwa kuhesabu mema yetu, bali kwa kukiri kwamba tumetenda dhambi kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Martin Luther alipofariki mwezi Februari mwaka 1546, karatasi ya mwisho aliyokuwa ameiandika ilikutwa na ungamo fupi: sisi sote ni ombaomba. Alikuwa ametafsiri Biblia nzima, ameandika Katekisimo, ametunga nyimbo zinazoimbwa mpaka leo. Kama mtu huyo alijiona ombaomba, sisi tuna nini cha kufurahia?

Hapa ndipo inatupasa kutazama kwa uangalifu. Ombaomba ni mtu asiye na chake. Lakini ombaomba aliyepewa hana mikono mitupu tena. Anacho kitu mkononi, na kitu hicho ni kweli, kinaonekana, kinashibisha. Akitembea mjini akisema, "Mimi nimejitafutia mwenyewe," ni mwongo. Lakini akitembea akisema, "Mimi sijapewa kitu," huyo naye ni mwongo, tena amemvunjia heshima aliyempa. Kiburi ni uongo juu ya chanzo cha mali. Kujidharau ni uongo juu ya mali yenyewe. Unyenyekevu ni kusema kweli juu ya vyote viwili: kitu hiki ninacho, na kitu hiki nimepewa.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na kila moja lina jibu lake. Swali la kwanza: Tunasimama mbele za Mungu kwa nini? Jibu ni mikono mitupu, na Kristo peke yake. Hapo tusiongeze hata punje moja yetu. Swali la pili: Mungu ameweka nini mikononi mwetu kwa ajili ya jirani? Hapo jibu la "mikono mitupu" si unyenyekevu tena. Luther mwenyewe alizitenganisha habari hizi mbili katika kitabu chake kidogo juu ya uhuru wa Mkristo, cha mwaka 1520. Kwa imani Mkristo yu huru, hana deni kwa mtu. Kwa upendo amekuwa mtumishi wa wote. Mungu hana haja na matendo yetu mema, lakini jirani anayo. Yule mtoto wa darasa la tano alikuwa na haja na bibi. Sisi tulimpa bibi jibu la swali la kwanza, na yeye alikuwa ameuliza la pili.

Mwaka uliofuata tulikuwa na darasa la kipaimara. Tulipofika Amri ya Nane, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo, tuliwapa vijana karatasi. Upande mmoja waandike makosa matatu wanayoyajua kwao wenyewe. Upande wa pili waandike mambo matatu mema ambayo Mungu ameyaweka ndani yao. Upande wa kwanza ulijaa kwa dakika chache, na wengine waliomba karatasi ya kuongezea. Upande wa pili kalamu zilisimama. Baadhi waliandika "Sina." Msichana mmoja, ambaye sote tulijua kwamba kila siku alimwongoza kaka yake asiyeona mpaka shuleni na kumrudisha, aliandika, "Sijui, labda mama anajua."

Tulizitazama zile karatasi kwa muda mrefu jioni ile. Tulikuwa tumewafundisha vijana wetu kuungama, na hilo ni jema. Hatukuwa tumewafundisha kushukuru kwa kutaja. Tunajua kwamba maelezo ya Luther juu ya Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo, ya mwaka 1529, hayaishii kwenye kukataza. Yanatuagiza tusimame upande wa jirani anaposemwa, tutaje mema yake, na pale jambo lake linapoweza kueleweka kwa njia mbili tuchague iliyo nzuri. Hayo tunawafanyia majirani, au tunajitahidi. Lakini wengi wetu tunapojisema wenyewe moyoni, tunajifanyia kinyume chake kabisa. Tunajitafutia tafsiri mbaya. Kosa moja tunalihesabu kuwa ndilo sisi. Jema kumi tunayaita bahati. Kama tungemsema jirani hivyo, mzee wa kanisa angekuja kutuonya.

Mtu atasema kwamba amri inamtaja jirani, haiitaji nafsi. Ni kweli. Lakini anayesema "sina" hajisemi peke yake. Anamsema pia Muumba wake. Katekisimo hiyo hiyo inapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani, haianzi na mbingu, milima wala bahari. Inaanza na mimi na wewe: kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, akanipa mwili na roho, macho na masikio, akili na fahamu, naye huvitunza hata leo, bila mimi kustahili. Tunaikiri Imani hiyo kila Jumapili tukiwa tumesimama. Haifai tukiketi tuikanushe.

Neno la Mungu nalo halimsifu anayejikataa. Katika Kutoka sura ya 4 Musa analeta udhuru mmoja baada ya mwingine. Anasema yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Mungu anamvumilia na kumwuliza ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu. Biblia haisemi kwamba hasira ya Bwana iliwaka kwa sababu Musa aliogopa. Iliwaka alipoendelea, baada ya ahadi zote hizo, kuomba atumwe mtu mwingine. Yako mahali ambapo "mimi siwezi" huacha kuwa unyenyekevu na kuwa ukaidi.

Mtazame pia Mariamu katika Luka sura ya 1. Mwaka 1521 Luther aliandika ufafanuzi wa wimbo wake, akautuma kwa mwana wa mtawala mmoja kijana, ili ajifunze namna ya kuwa mkubwa bila kujivuna. Alisisitiza kwamba Mariamu anaposema Mungu ameutazama unyonge wake, hajisifu kwa fadhila ya unyenyekevu; anataja tu hali yake ya chini, msichana asiyejulikana. Lakini binti huyo huyo, katika pumzi hiyo hiyo, anasema kwamba Mwenye Nguvu amemtendea makuu, na kwamba vizazi vyote vitamwita heri. Hafichi. Hasemi "si kitu, ni jambo dogo tu." Angesema hivyo, angekuwa amelifanya dogo tendo la Mungu.

Na Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 15, anatupa mfano ambao kila mmoja wetu anaweza kuutumia. Anasema mambo matatu kwa mfululizo. Kwanza, yeye ni mdogo kuliko mitume wote, asiyestahili, kwa kuwa aliliudhi Kanisa. Pili, kwa neema ya Mungu yuko alivyo. Tatu, alifanya kazi kuliko wenzake wote, wala si yeye bali neema iliyo pamoja naye. Dhambi ameitaja, neema ameitaja, na kazi ameitaja. Sisi tumezoea kuishia kwenye la kwanza, au kurukia la pili, na la tatu tunaliona ni aibu. Paulo haoni aibu. Kazi ilifanyika, makanisa yapo, kukana hilo kungekuwa kukana kwamba neema ilizaa matunda.

Hata hivyo, tusimsahau Farisayo wa Luka sura ya 18, maana ndiye anayetutisha tunapofika hapa. Yeye naye alianza sala yake kwa kumshukuru Mungu. Alitaja kufunga kwake na zaka yake, na hatuambiwi kwamba alidanganya. Kosa lake lilikuwa wapi basi? Sala yake ilihitaji mtu wa kumdharau. Alimwangalia mtoza ushuru ili apate kujipima, na alipokwisha kujipima hakuwa na haja yoyote ya kumwomba Mungu. Paulo anatupa dawa ya jambo hilo katika Wagalatia sura ya 6: kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, ndipo atakapokuwa na sababu ya kujisifu ndani ya nafsi yake tu, si kwa kujilinganisha na mwenzake. Hiki ndicho kipimo tunachokipendekeza. Furaha juu ya kipawa chako ikihitaji mwingine awe chini, hiyo ni ya Farisayo, itubie. Ikiweza kukaa pamoja na furaha juu ya kipawa cha mwenzako, ni shukrani.

Tena si kila kinachoitwa unyenyekevu ni unyenyekevu. Wako wanaosema "siwezi" kwa sababu ya uvivu, maana aliyekiri kipawa ataombwa akitumie. Wako wanaojishusha ili wainuliwe na wasikilizaji. Lakini wako wengine, na kwao tunaandika hasa, ambao hawakuchagua kujidharau. Walifundishwa. Kuna mtoto aliyeambiwa tangu utotoni kwamba hana akili kama kaka yake. Kuna kijana aliyepata alama za chini kidato cha nne, na tangu hapo nyumbani hutajwa kwa matokeo yale. Kuna mke ambaye kwa miaka mingi amesikia kwamba hana analojua. Watu hao wakija kanisani wakasikia tu kwamba wao si kitu, hawasikii Injili. Wanasikia sauti ile ile ya nyumbani, sasa ikiwa imevaa kanzu na stola. Hili linatuhuzunisha, kwa sababu kanzu hiyo ni yetu.

Kwao tuseme wazi jambo ambalo ni la kwanza kuliko vipawa vyote. Mwaka 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Luther alifundisha kwamba upendo wa mwanadamu hutafuta kitu kinachopendeza ndipo ukipende, lakini upendo wa Mungu haukuti kinachopendeza: hukiumba. Thamani yako haikutokana na kipawa chako. Ulipobatizwa, pengine ukiwa mtoto wa kubebwa, hukuwa na sauti ya kuimba wala cheti cha kuonyesha, na jina lako lilitajwa. Kwa hiyo hata siku sauti ya mwimbaji itakapokauka, na mikono ya fundi itakapotetemeka, hakuna kitakachopungua mbele za Mungu. Ni kwa sababu hiyo hasa tunaweza kuvitazama vipawa vyetu bila hofu. Havibebi uzito wa wokovu wetu, kwa hiyo tunaweza kuvishika kwa furaha, kama mtoto anavyoshika zawadi bila kuuliza kama atafukuzwa nyumbani ikivunjika.

Lakini kwa nini jambo hili liwe la Kanisa zima, na si la mtu na moyo wake tu? Kwa sababu kipawa kisichotajwa hakirithishwi. Katika Kutoka sura ya 31 Mungu anamwita kwa jina Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti, na kusema kwamba amemjaza roho kwa ajili ya ufundi huo. Katika sura ya 35 linaongezwa neno ambalo mara nyingi tunalipita: Mungu alitia moyoni mwake pia uwezo wa kufundisha, yeye pamoja na Oholiabu. Fundi asiyejua kwamba ana ufundi hawezi kumfundisha mwanafunzi. Atafanya kazi nzuri maisha yake yote, na siku ya kufa atakwenda nayo.

Hivyo ndivyo ilivyotukia kwa bibi yetu. Alijua namna ya kukaa na mwenye huzuni bila kumchosha. Alijua wakati wa kufika na wakati wa kuondoka, na kwamba kuchambua maharage kunamwacha mfiwa alie bila kutazamwa. Hayo ni maarifa, nasi tuliosoma chuoni tuliyahitaji kuliko yeye alivyohitaji ya kwetu. Hakuna aliyemwambia, "Bibi, hili ni karama, tufundishe." Baada ya mazishi, akina mama wa mtaa ule walipanga zamu ya kukaa na wafiwa. Wanafanya vizuri, lakini wao wenyewe wanakiri kwamba bado wanazungumza mno. Wanajifunza bila mwalimu, wakati mwalimu alikaa nao kwenye benchi moja kwa miaka arobaini.

Hapo tunaona kwamba mtu peke yake mara nyingi hawezi kuona alichopewa. Luther mwenyewe hakuona. Alisimulia mezani kwake jinsi mkuu wake, Johann von Staupitz, alivyokaa naye chini ya mti wa peasi huko Wittenberg na kumwambia awe daktari wa theolojia na mhubiri. Luther alileta sababu nyingi za kukataa, akasema kazi hiyo itamuua. Staupitz akamjibu kwa mzaha wa upole kwamba hata huko mbinguni Mungu ana kazi nyingi na anahitaji watu wenye hekima. Luther akatii, akatunukiwa udaktari mwezi Oktoba mwaka 1512. Baadaye, watu walipomwuliza ni nani aliyempa mamlaka ya kufundisha alivyofundisha, aliutaja udaktari ule na kiapo chake. Wito alioukwepa ndio uliomsimamisha. Lakini ilibidi kwanza ndugu mmoja akae naye chini ya mti na kumwambia alichokiona.

Sisi tunasubiri mpaka mazishini. Tunaandika wasifu mtu akiwa hasikii. Je, tungepoteza nini kama jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zingetenga jioni moja, baada ya Neno na maombi, kila mmoja akamwambia aliye kulia kwake jambo moja jema aliloliona kwake mwaka huu? Si sifa za jumla kama "wewe ni mtu mzuri", bali jambo lenye siku na mahali: "Siku ile tulipogombana kuhusu michango, ulinyamaza, kisha ukaongea kwa upole, na kikao kikapona." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama tunampa haki yake hata mtu tunayemlaumu, tunashindwaje kumpa yake mtu tunayempenda?

Na anayeambiwa ajifunze kupokea. Neno "asante" halijawahi kumwibia Mungu utukufu. Mtu akikushukuru kwa wimbo, mwambie, "Asante, nimefurahi umebarikiwa, namshukuru Mungu aliyenipa." Huna haja ya kusema kwamba uliimba vibaya. Ukisema hivyo humtukuzi Mungu. Unamfanya aliyekushukuru aonekane hana masikio.

Kisha fanya nyumbani kazi tuliyowapa vijana wa kipaimara, lakini kwa utaratibu wa Paulo. Usiku kabla ya kulala taja dhambi yako ya siku hiyo, bila kuipamba. Pokea neema, maana Kristo amekwisha kukubeba. Halafu taja jambo moja jema ambalo Mungu alilifanya kwa mikono yako siku hiyo, nawe ujiulize ni nani aliyelishwa nalo. Swali hilo la mwisho litakulinda. Kipawa chenye jina la jirani ndani yake si rahisi kigeuke kioo. Ukikosa la kutaja, fanya kama yule msichana: muulize mama, au rafiki, au mzee wa kanisa. Huenda anajua.

Tumefikiri mara nyingi tungemwambia nini bibi kama tungerudi kwenye chumba kile. Hatungeacha lile la kwanza. Tungemwambia tena kwamba anakwenda kwa Bwana kwa neema tupu, na kwamba mlango uko wazi. Lakini tungevuta kiti karibu zaidi, tungemwuliza, "Bibi, ulikuwa unakaa na nani?" Tungenyamaza na kumsikiliza akitaja majina, moja baada ya jingine, mpaka yeye mwenyewe ashangae. Ndipo tungeshika ile mikono aliyoiita mitupu na kumshukuru Mungu kwa ajili yake, yeye akisikia.

Kwa bibi tumechelewa. Kwa yule msichana wa kipaimara hatukuchelewa. Jumapili iliyofuata tulimwambia tulichokuwa tumekiona barabarani kila asubuhi. Aliinama, akatabasamu, akasema, "Asante, Mchungaji." Wala hakuongeza neno la kujishusha.